Watoto 90, kipindi cha dakika 30: namna ya kufundisha darasa la kwanza kuzungumza, kusoma na kuandika

Kesho ukiingia darasani, mwite yule mtoto anayesoma kwa sauti kuliko wote. Mpe kitabu, lakini usimwache aanzie juu ya ukurasa. Weka kidole kwenye neno la tatu la mstari wa nne umwambie, "Anzia hapa." Akikutazama usoni, au akirudi mstari wa kwanza na kuuimba wote mpaka afike hapo, huyo hajasoma, amekariri. Huenda wenzake wengi wako hivyo hivyo, maana darasa zima likisoma kwa pamoja, sauti ya anayejua humbeba asiyejua, na wewe uliyesimama ubaoni unasikia wimbo mzuri tu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa la kwanza na la pili katika shule ya kawaida ya Tanzania. Uwiano rasmi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, lakini hali ilivyo tunaijua wenyewe. Mtaala wa mwaka 2015 ulipunguza masomo ya madarasa haya mawili ili kusoma, kuandika na kuhesabu (KKK) zipate muda wa kutosha. Kazi iliyobaki ni ya kwako na yangu: ndani ya muda huo, kila mtoto afungue mdomo wake mwenyewe na kushika penseli yake mwenyewe, kila siku.

Hatua ya 1: Mdomo na sikio kabla ya herufi

Kuzungumza hakumo katika zile K tatu, ndiyo maana wengi tunaliruka jambo hilo. Tunaandika "a e i o u" ubaoni siku ya pili ya masomo Januari tukidhani tumewahi. Mtoto wa Kariakoo anakuja shuleni Kiswahili kimemjaa mdomoni. Mtoto wa kijijini Bariadi au Kongwa pengine amekulia Kisukuma au Kigogo, na Kiswahili amekisikia redioni na dukani. Huyo hata akiunganisha vizuri ki-si-ma, hajui kwamba ndipo pale anapokwenda kuchota maji. Wiki tatu au nne za mwanzo zitumie kwa mazungumzo na michezo ya sauti, na baada ya hapo usiache, punguza tu.

Anza na habari za njiani. Wakishasema "Shikamoo mwalimu" na kukaa, uliza: "Nani ameona kitu njiani leo?" Mtoto akijibu "Ng'ombe," usimwachie hapo. "Ng'ombe amefanya nini?" "Amekula." "Amekula nini?" Mpaka ipatikane sentensi: "Ng'ombe amekula mahindi ya babu." Hapo waambie wote wageukiane wawili wawili, kila mmoja amweleze mwenzake alichokiona. Kwa dakika mbili kutakuwa na kelele kama za sokoni. Mwalimu mkuu akichungulia dirishani mwambie ni kipindi. Ukingoja wasimame mmoja mmoja, watazungumza watano na kengele itagonga.

Mtoto akikosa neno la Kiswahili, alitaje kwa lugha ya nyumbani. Mwenzake au wewe mpeni la Kiswahili, naye alirudie ndani ya sentensi. Akikosea, usimkatize. Akisema, "Mwalimu, kitabu yangu imepotea," wewe jibu, "Ala! Kitabu chako kimepotea? Kimepotelea wapi?" Amesikia lililo sahihi na mazungumzo yameendelea. Wanaomcheka mwenzao wakomeshe siku hiyo hiyo, kwa sababu mtoto aliyechekwa Januari anaweza kunyamaza mpaka Desemba.

Kwa upande wa sikio, mchezo bora kuliko yote watoto wanakuja nao kutoka nyumbani: nyama nyama. Kiongozi hutaja mnyama, na kama analiwa wenzake wanaruka na kujibu "Nyama!" Badilisha sharti moja tu. Leo tunaruka neno likianza na mmm. "Mama!" Wanaruka. "Maji!" Wanaruka. "Nazi!" Atakayeruka ametoka. Hakuna herufi hata moja iliyoandikwa, lakini mtoto ameanza kusikia kwamba neno lina sauti ndani yake, na bila hilo herufi zitabaki michoro tu. Kisha piga makofi ya silabi: ba-ba makofi mawili, ma-nda-zi matatu, m-to-to matatu, m-tu mawili. Hilo la mwisho lisisitize mapema, utaona faida yake mbele.

Vitendawili na hadithi za sungura na fisi ziwe za kufungia siku. Tega, wategue. Ukisimulia, simama katikati uwaulize, "Sasa fisi atafanya nini?" na usiseme jibu mpaka watatu wamekisia.

Hatua ya 2: Sauti ya herufi, si jina lake

Herufi m ni mmm, midomo imefungwa. Si "me" wala "ma". Ukimfundisha mtoto kwamba hii ni "me" na hii ni "a", ukamwambia aunganishe, mwenye akili atakujibu "mea", naye atakuwa amefuata ulichomfundisha.

Irabu ndizo za kwanza, na hapa Kiswahili kimetupendelea: ziko tano tu, na a ya "baba" ndiyo a ya "kaa" na ya "asali". Konsonanti zinazovutika (m, n, s, l, f) ni rahisi kuunganisha: mmm-a, sss-a. Zisizovutika kama k, t, p na b zitamke kwa kuzikata fupi, bila kuzibandikia irabu. Kama kitabu cha shule yenu kina mpangilio wake wa herufi, ufuate, watoto wasichanganywe. Kama huna kitabu, achana na mpangilio wa alfabeti, chagua herufi zinazozaa maneno mengi mapema. Ukiwa na irabu tano, m na k tu, tayari una mama, mimi, mume, kaka, kuku, kima, kiko, mkeka, mkuki. Una hata kisa kizima:

Kima ameumia. Kima amekaa. Mama akamuokoa.

Mtoto anayesoma mistari hiyo mitatu mwishoni mwa Februari bila kusaidiwa ameonja kusoma kwenyewe. Kila herufi mpya ikiingia, andika kisa kipya kinachotumia zile walizokwisha kujifunza tu.

Kipindi cha dakika 30 ninakigawa hivi. Dakika tano, sauti za jana kwa kadi zilizochanganywa. Dakika kumi, sauti mpya: waisikie, waitamke, waione, waiunganishe na kila irabu. Dakika kumi, wasome wawili wawili nami ninazunguka. Zinazobaki, nataja silabi nao wanaziandika hewani kwa kidole au kwenye daftari. Siku nyingine mgawo unavurugika, si kitu, ila zile dakika kumi za wawili wawili usiziguse.

Chati ya "ma me mi mo mu" isomwe kwa mpangilio mara moja tu. Baada ya hapo gusa kwa fimbo mu, halafu mi, ma, mi tena, mo. Utashangaa wimbo unavyokatika.

Zana usizihangaikie sana. Boksi la sabuni likikatwa linatoa kadi za silabi za kutosha. Kiroba cha unga kilichofuliwa kinakuwa chati isiyochanika. Vizibo vya soda vikibandikwa karatasi yenye herufi vinakuwa herufi za kupanga juu ya dawati. Kipimo ni kimoja: bandika kadi ubaoni, nenda ukuta wa nyuma, ukae chini kama wanavyokaa wao. Kama huisomi kwa urahisi, iandike upya kubwa zaidi.

Hatua ya 3: Mkono

Kabla ya penseli, mchanga. Watoe nje, wachore kwa kidole mistari ya wima, ya mlalo, ya mshazari, duara na nusu duara. Hapo hakuna anayekosa daftari wala anayesukumana na wenzake watatu kwenye dawati moja. Wakirudi ndani, penseli ishikwe kwa vidole vitatu, miguu iguse chini, mkono mwingine ushikilie daftari. Anayetumia mkono wa kushoto mwache autumie. Mkalishe tu mwisho wa dawati upande wa kushoto, ili kiwiko chake kisigongane na cha jirani.

Herufi zifundishe kwa ukoo wa mwendo wa mkono, herufi ndogo kwanza:

- zinazoanza kwa kushuka: l, i, t, u, j
- zinazoanza kama c: c, o, a, d, g
- zinazoshuka, kupanda tena na kupinda: n, m, r, h, b, p
- zenye mshazari: v, w, y, k, z

Mpangilio huu ni wa mwandiko, si lazima ulingane na ule wa kusoma. Faida yake kubwa ni kwa b na d. Ukizifundisha wiki moja, utazisahihisha mwaka mzima. Kwa ukoo, d inakuja na c mkononi (chora c, panda juu, shuka), na b inakuja baadaye kama fimbo kwanza kisha tumbo. Mtoto akisita, mwambie aichore hewani. Mkono hukumbuka ulianzia wapi hata jicho likidanganyika.

Kunakili kutoka ubaoni ni zoezi la mwandiko, si la kuandika. Ninajua linatuliza darasa, ndiyo maana tunalipenda. Lakini mtoto anaweza kunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri bila kujua hata neno moja alilonakili. Kinachoonyesha kama anaandika ni imla, na imla iwe fupi ya kila siku: silabi mbili, maneno mawili, sentensi moja. Kwa mfano: ku, mi, kuku, kima, Kaka amekaa. Kati ya neno na neno waache nafasi ya kidole kimoja. Nukta mwisho wa sentensi iingie tangu sentensi ya kwanza waliyoiandika.

Mara moja kwa wiki waandike ya kwao. Rudi kwenye habari za njiani: mtoto achore alichokiona, chini yake aandike sentensi. Utapata "ngombe amekula maidi". Usimwagie wino mwekundu. Amesikia sauti, amezipanga, amesema jambo lake. Msomee kwa sauti kilichoandikwa, kisha chagua kosa moja la kurekebisha naye. Leo iwe ng'. "Mahindi" ngojea wiki ijayo.

Kusahihisha madaftari 90 kila siku ni kujitesa bure. Sahihisha safu moja kwa siku ukiwa umesimama pale pale mtoto alipo. Waliobaki wasahihishane kwa jibu unaloliandika ubaoni.

Hatua ya 4: Herufi mwambatano, na makosa yanayotoka nyumbani

Hapa ndipo madarasa mengi hukwama, nami ningekushauri upunguze mwendo. Anza na m inayosimama peke yake: mtu, mti, mtoto, mkate. Watoto wengi huandika "mutu" na "muti" kwa sababu ndivyo yanavyotamkwa katika lugha zao. Warudishe kwenye makofi: m-tu, mawili. Kofi la kwanza lina herufi gani? M peke yake.

Kisha ingiza ch, sh, ny, mb, nd, nj, nz, moja moja, kila moja kama sauti kamili ya kuunganishwa na irabu tano. Mwambatano wa w ufuate: mwa, kwa, bwa, twa. Yale ya herufi tatu (mbw, nyw, chw) yatakuja yenyewe wakishashika ya mbili. Ng na ng' zitenganishe kwa mdomo kabla ya ubao: ngoma na ng'oa, ngazi na ng'ambo. Washike shingo na pua wasikie tofauti, ndipo uwaonyeshe kwamba kile kikoma cha juu kina kazi.

Yapo pia makosa ya matamshi yanayoingia kwenye maandishi. Katika lugha nyingi za Kibantu l na r si sauti mbili tofauti, kwa hiyo mtoto haoni ajabu kuandika "kura chakula". Kumchapa au kumsimanga hakumpi sauti ambayo sikio lake halijaizoea. Mpe jozi zenye maana mbili: kula na kura, mahali na mahari, fahali na fahari. Sema moja, naye aoneshe picha au kitendo. Wanaochanganya s na sh wape sindano na shindano, soka na shoka. Wa z na dh wape zana na dhana wakiwa wakubwa kidogo. Akitofautisha kwa sikio, ulimi utafuata, na kalamu baada ya ulimi.

Hatua ya 5: Maneno marefu

Mtoto aliyejua silabi zote anakutana na "walitutembelea" na kuzama. Usimwambie asome haraka. Andika ngazi ubaoni: soma, anasoma, walisoma, tutasoma, hatukusoma, niliposoma. Ziba mwanzo wa neno kwa kiganja, asome kiini, kisha fungua kidogo kidogo. Akizoea kuona wali-, tuta-, nilipo- kama vipande vizima, hataokota tena silabi moja moja.

Halafu mkazo. Kiswahili huweka uzito kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na mtoto anayesoma kila silabi kwa uzito mmoja hasikiki kama mtu anayesema. Soma wewe sentensi, wao wairudie kama wanavyoongea. Barabara ndilo neno la kuchezea: soma "tulipita barabara" na "amefanya barabara", waambie wasikilize uzito umehamia wapi.

Ukipima mtoto anasoma maneno mangapi kwa dakika, usitumie viwango vya Kiingereza. Maneno matatu au manne ya huko huweza kuwa neno moja huku.

Hatua ya 6: Funga kitabu, uliza

Wakimaliza kusoma, kitabu kifungwe. Chukua kisa hiki: "Juma alitumwa dukani kununua chumvi. Njiani ikanyesha mvua kubwa. Alipofika nyumbani, mama alitazama mfuko, akacheka." Swali la kwanza jibu lake limeandikwa: Juma alitumwa nini? La pili halikuandikwa: kwa nini mama alicheka? La tatu ni lao: ungekuwa wewe ungefanyaje? La pili ndilo lenye kazi. Lingojee. Akitokea mmoja wa kusema "chumvi imeyeyuka," muulize amejuaje.

Hatua ya 7: Msikie kila mtoto peke yake

Watoto 90 kwa siku tano ni watoto 18 kwa siku. Kila mmoja sekunde 30, jumla dakika tisa, na unazipata wakati wengine wanasoma wawili wawili. Inakuwa hivi:

"Nisomee hapa."

"Ku-ku… a-me-ka… amekata!"

"Angalia silabi ya mwisho. Hiyo ni ta?"

Anaisogelea. "A. A-me-ka-a. Amekaa."

"Nani amekaa?"

"Kuku."

"Haya, soma yote."

Umemwelekeza mahali pa kutazama, jibu amelitoa mwenyewe. Andika alama moja kwenye daftari lako mbele ya jina lake: herufi, silabi, neno, sentensi au hadithi. Utafiti wa Uwezo, uliokuwa ukipita kaya kwa kaya Tanzania, Kenya na Uganda, ulipima watoto kwa ngazi za namna hii, na kwa mwalimu zinatosha kabisa. Kila mwisho wa mwezi panga makundi kwa ngazi hizo, na kila mwezi yavunje uyapange upya. Anayeongoza kundi mpe sharti: anyooshe kidole, asimsomee mwenzake.

Ikifika Julai na mtoto bado yuko kwenye herufi, angalia kwanza rejista ya mahudhurio. Wengi wanaoitwa wazito hawakuwapo, walikuwa machungani au wakilea wadogo zao, na hapo wa kuzungumza naye ni mzazi. Kisha mpime sikio: simama nyuma yake, mwite kwa sauti ndogo. Mpime jicho: asome kadi akiwa nyuma, halafu akiwa mbele. Ukiona tofauti, mhamishie mbele na umwandikie mzazi ampeleke kituo cha afya. Asiye na tatizo hilo mrudishe kwenye hatua aliyokwama, dakika 15 baada ya masomo na wenzake wa ngazi hiyo, kwa kadi na mchanga kama Januari.

Nyumbani

Mzazi asiyejua kusoma anaweza kusaidia sana, mwambie hivyo kwenye kikao. Kazi yake ni neno moja: "Nisomee." Pakiti ya chumvi, gunia la unga, sabuni, ubao wa duka, ujumbe wa simu. Amuulize pia, "Sasa maana yake nini?" na ajifanye haelewi mpaka mtoto aeleze.

Kama shule haina vitabu vya kuazima, zile sentensi za habari za njiani zinatosha kuanzia. Karatasi mbili za A4 zikikunjwa katikati zinatoa kurasa nane. Zishone kwa uzi kwenye mkunjo, kila ukurasa uwe na picha moja na sentensi moja, jina la mtoto aliyetunga liandikwe juu ya jalada. Andika kwenye daftari nani kaazima kipi. Vinatoka Ijumaa, vinarudi Jumatatu, na aliyeazima awasomee kundi lake ukurasa mmoja kabla ya kupewa kingine.